Alipewa mseto akapona. Je, ilikuwa malaria?

Tuseme unaishi Magoma, wilayani Korogwe, na mwanao wa miaka miwili ameamka usiku mwili unawaka moto. Mama mkwe yuko hapo nyumbani. Anamgusa mtoto shingoni, anatikisa kichwa. "Malaria hiyo, mwanangu. Nimelea saba, naijua." Kwenye mkoba kuna dawa mseto iliyobaki kaka yake alipougua mwezi uliopita. Mtoto anapewa. Siku ya tatu homa imekwisha, anakimbiza kuku uani. Mama mkwe hasemi neno, anakutazama tu.

Nani atabishana naye? Aliona homa, akasema malaria, ikatolewa dawa ya malaria, mtoto akapona. Kila kitu kimepangika kama shanga kwenye uzi. (Tuache kwanza kwamba kama dawa ilibaki, basi kaka yake hakumaliza dozi.)

Leo nataka tukae na hadithi hiyo, maana karibu kila mzazi anayesoma safu hii ameipitia. Humo ndani kuna makosa ya kufikiri ambayo hayana uhusiano na kusoma au kutokusoma. Madaktari wameyafanya, wauguzi wameyafanya, na mimi nimeyafanya nyumbani kwangu.

Anza na neno la kwanza la mama mkwe. Malaria huleta homa, hilo ni kweli. Lakini kutoka hapo hatuwezi kuruka hadi kusema kila homa ni malaria. Mbwa wa nyumbani akiona mgeni usiku hubweka. Sasa akibweka, je, ni lazima awe mgeni? Huenda ni mgeni, huenda ni mbwa wa jirani, huenda ni fisi anayenyemelea zizi. Ukiamka ukasema "mgeni huyo" na kurudi kulala, asubuhi utahesabu mbuzi.

Homa ni kubweka kwa mwili. Nimonia huleta homa. Mafua, maambukizi ya masikio, ya njia ya mkojo, ya matumbo, homa ya uti wa mgongo, taifodi, vyote huleta homa. Watafiti waliowapima kwa makini watoto 1,005 wenye homa katika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, walikuta malaria kwa takriban mtoto mmoja kati ya kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Taifodi, ambayo tunaitaja kila siku pamoja na malaria kana kwamba ni pacha, haikufika watoto wanne kati ya mia moja.

Neno la pili ni gumu zaidi: "Alipewa dawa akapona." Dozi ya mseto ni ya siku tatu. Homa nyingi za virusi kwa watoto nazo huisha zenyewe ndani ya siku chache, tatu au nne hivi. Kwa hiyo mtoto mwenye mafua makali akipewa mseto siku ya kwanza, ataonekana amepona kwa mseto. Angepewa uji wa ulezi, angepona kwa uji. Angepewa hirizi, tungeisifu hirizi. Kitu kimetangulia, kingine kikafuata, nasi tukaviunganisha kwa "kwa sababu" bila kumuuliza mtu yeyote.

Swali la kujiuliza ni hili: asingepewa chochote, ingekuwaje? Kwa mtoto mmoja huwezi kulijibu, kwani huyo mtoto hawezi kupewa na kutopewa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana ushuhuda wa mtoto mmoja, hata kama ni wako na uliuona kwa macho yako, hauna uzito tunaoupa.

Bibi aliyekuwa sahihi

Sitaki umdharau mama mkwe. Alipokuwa analea wale saba, huenda alikuwa sahihi zaidi kuliko sasa.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo Korogwe. Watafiti wake wamefuatilia malaria kwa miaka mingi katika vijiji vya wilaya hiyo, vya tambarare na vya milimani Usambara. Mwaka 2003, katika vijiji vya tambarare walivyovipima, karibu asilimia 78 ya watoto na vijana walikuwa na vimelea vya malaria kwenye damu. Kufikia 2008 walikuwa asilimia 13. Milimani nako kulishuka, kutoka karibu asilimia 25 hadi 3.

Fikiria maana yake. Bibi ambaye akili yake ilifunzwa na miaka ile alikuwa anaishi mahali ambapo vimelea vilikuwa karibu kila damu. Leo chandarua kipo, dawa zimebadilika, klorokwini iliyoshindwa iliondolewa na baada yake SP nayo ikapisha mseto. Macho yake ni yaleyale, ila kijiji kimebadilika.

Na hata miaka ile kulikuwa na mtego. Kama watoto wanane kati ya kumi wana vimelea, wakiwemo wanaocheza mpira bila tatizo, basi ukimpima mwenye nimonia utakuta vimelea pia. Utasema "malaria, imeonekana", na nimonia itaendelea na kazi yake. Kipimo kinasema vimelea vipo. Hakisemi kwamba hakuna kingine. Isitoshe, kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa na kupona, kwa sababu kinachotafutwa ni mabaki ya vimelea. Mtoto aliyetibiwa wiki mbili zilizopita anayeonyesha malaria leo anahitaji kuangaliwa kwa darubini au na tabibu anayejua historia yake. Mwambie.

Haijaonekana malaria. Basi ni nini?

Hapa ndipo naomba usome taratibu.

Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu. Waliangaliwa wagonjwa waliolazwa kwa madai ya malaria, watoto na watu wazima. Wenye hali mbaya kabisa walikuwa 4,474, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Damu yao ilipochunguzwa upya kwa darubini, waliokutwa na vimelea hawakufika nusu, walikuwa asilimia 46. Zaidi ya nusu walikuwa wamelala wodini wakitibiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao.

Halafu vifo. Kati ya waliokuwa na vimelea walifariki takriban 7 kwa kila mia. Kati ya wasiokuwa navyo walifariki 12 kwa kila mia.

Hapa nami nijibane, nisije nikafanya kosa ninalokukataza. Tarakimu hizo hazithibitishi kwamba wote wale wa kundi la pili walikufa kwa kutibiwa ugonjwa usio wao. Huenda baadhi walikuja wakiwa na magonjwa mazito zaidi, ambayo yangewashinda madaktari hata yangetambuliwa mapema. Lakini jambo moja ziliweka wazi: kutokuwa na malaria si habari njema ya kumrudisha mtoto nyumbani.

Wazazi wengi wakiambiwa "hana malaria" hushusha pumzi, humfunga mtoto mgongoni na kupanda bodaboda. Wengine hukasirika, husema kipimo kibovu, wanapita duka la dawa kununua mseto hivyo hivyo. Wote wawili wamefikiri kwa njia moja, kwamba duniani kuna mambo mawili tu, malaria au hakuna kitu. Watoa huduma nao hawakuwa mbali na fikra hiyo. Vipimo vya haraka vilipoanza kujaribiwa katika mikoa yetu hii, zaidi ya nusu ya wagonjwa ambao kipimo kilisema hawana malaria waliandikiwa dawa ya malaria hata hivyo.

Kwa hiyo tabibu akisema haijaonekana malaria, uliza swali moja, kwa adabu, ukiwa bado umekaa: "Sawa, daktari. Basi homa hii inatoka wapi?" Mwombe ahesabu pumzi za mtoto, aangalie masikio na koo, apime mkojo ikibidi. Uliza pia urudi lini homa isipokwisha, kwa sababu kipimo cha leo kinaweza kukosa kitu ambacho cha kesho kutwa kitakiona.

Degedege na sindano

Ukanda wetu wa Tanga na pwani yote una imani ya zamani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hospitali atakufa. Anapaswa kwanza kupelekwa kwa mganga, afukizwe, wakati mwingine kwa moshi wa kinyesi cha tembo, au akojolewe mwilini, hadi dege limwache. Watu huicheka imani hii mijini. Mimi siicheki, maana ukiichunguza utaona imejengwa juu ya mambo ambayo watu waliyaona kweli.

Waliona degedege likikoma baada ya moshi. Ni kweli hukoma. Degedege linaloletwa na homa kali mara nyingi huisha lenyewe ndani ya dakika chache, kabla hata moshi haujakolea. Kinachobaki ni ugonjwa ulioleta homa, na kama ni malaria kali unaendelea kupanda kichwani huku ndugu wakishukuru.

Waliona pia watoto wakifa hospitali baada ya sindano. Hilo nalo ni kweli. Lakini ni watoto gani waliofikishwa huko? Ni wale ambao moshi ulishindwa, waliokaa kwa mganga siku moja, mbili, wakabebwa wakiwa hawajitambui. Walioamka wenyewe hawakupelekwa, wakahesabiwa kwa mganga. Waliozidiwa wakapelekwa, wakahesabiwa kwa hospitali. Kwa hesabu ya namna hiyo hata daktari bora duniani ataonekana muuaji.

Kosa hilo lina madhara ya ajabu, kwa sababu linajilisha. Kadiri watu wanavyoamini sindano inaua ndivyo wanavyochelewa, na kadiri wanavyochelewa ndivyo wengi zaidi wanavyofia hospitali, na imani inapata ushahidi mpya kila mwaka.

"Mtundikieni dripu"

Wazazi wa leo wana imani nyingine, na hii haijatoka kwa mganga. Mtoto akiwa amelegea wanataka atundikiwe chupa ya maji, haraka. Asipotundikiwa wanaona hajatibiwa. Hoja yake inaonekana safi: amelegea, mwili umepungukiwa maji, ongeza maji.

Kati ya 2009 na 2011 hoja hiyo iliwekwa kwenye mizani katika hospitali za Kenya, Uganda na hapa kwetu, ambako kituo kilikuwa Hospitali Teule ya Muheza, jirani kabisa na Korogwe. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa kura. Wengine walimiminiwa maji mengi kwa haraka kwenye mshipa, wengine wakapewa ya taratibu ya kawaida tu. Watoto wenye kuharisha sana na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa. Madaktari walitegemea maji ya haraka yaokoe maisha. Ndivyo vitabu vya nchi tajiri vilivyosema.

Ndani ya saa 48 walifariki karibu 11 kwa kila mia kati ya waliomiminiwa, na 7 kwa kila mia kati ya wasiomiminiwa. Utafiti ukasimamishwa.

Usiligeuze sasa kuwa kosa jingine ukakataa dripu ya mwanao. Anayeharisha na kutapika hadi macho yameingia ndani anahitaji maji, na dawa nyingi za malaria kali au nimonia hupita kwenye mshipa. Ninachosema ni kwamba chupa inayoning'inia si kipimo cha kujali. Muuguzi asiyemtundikia mtoto wako huenda ndiye anayemtibu vizuri.

Angalia pia ilivyojulikana. Haikujulikana kwa mzee mwenye uzoefu wala profesa mwenye jina. Ilijulikana kwa sababu watoto wanaofanana waligawanywa kwa kura, wakafuatwa wote, na waliofariki wakahesabiwa sawa na waliopona. Korogwe nako, kuanzia 2009, kulikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Miongoni mwa watoto wa kati ya miezi 5 na 17, wengine walichanjwa hiyo na wengine wakapewa chanjo ya kichaa cha mbwa, na wazazi hawakujua nani kapata ipi. Katika mwaka wa kwanza walioichanjwa waliugua malaria kama nusu tu ya wenzao. Nusu si sifuri. Jirani angeweza kusema "mbona wa fulani alichanjwa na akaugua?" na akawa anasema kweli tupu, huku akipotosha kijiji kizima.

Sauti ya kipaza sauti

Siku ya gulio humkosi muuza dawa mwenye gari na kipaza sauti. Msikilize siku moja bila kununua, kama mtu anayesikiliza ngoma ili ajue imepigwa vipi. Utasikia orodha: kisukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, uzazi, "U.T.I. sugu". Dawa inayotibu magonjwa ambayo hayana hata asili moja inatakiwa ikutie shaka kuliko inayotibu moja. Utasikia "haina kemikali, ni mizizi mitupu". Tumbaku nayo ni majani matupu, na muhogo mchungu usipoandaliwa vizuri huua. Utasikia "hata wazungu wamechanganyikiwa". Utasikia "leo ni bei ya leo tu", na hilo ndilo la kuogopa zaidi, kwa kuwa anayekuharakisha hataki ulale na wazo lake usiku mmoja. Mwisho ataitwa mama mmoja aliyepona.

Mwaka 2011 taifa zima lilisimama foleni kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo. Alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, akisema ameoteshwa na Mungu. Bei ile haikuwa ya tapeli, na sina sababu ya kumwita mwongo. Marehemu huenda aliamini kila neno. Lakini shuhuda zilizojaza magazeti na redio zilitoka kwa watu gani? Kwa waliorudi. Wapo waliofia barabarani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa zao za kisukari na za kufubaza virusi vya Ukimwi. Hao hawakuhojiwa redioni. Sukari nayo hupanda na kushuka yenyewe, na mtu huenda kwa Babu siku sukari imepanda, si siku imeshuka. Akipima wiki inayofuata ikiwa imeshuka, kikombe kinapata sifa.

Dawa za asili zina heshima yake. Mseto wenyewe umetokana na mmea ambao Wachina waliutumia karne nyingi kutibu homa. Tofauti ni kwamba kuna watu waliokaa wakauchunguza, wakahesabu. Kwa hiyo muuza dawa akimaliza, muulize mambo mawili: dawa imesajiliwa wapi, na wangapi waliitumia wakabaki wagonjwa. Akikujibu la pili "hakuna hata mmoja", funga pochi yako.

Kabla hujatoka nyumbani

Zipo dalili ambazo hazisubiri mjadala wowote nyumbani: mtoto ameshikwa na degedege, hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, analegea na kushindwa kuamka vizuri, anapumua haraka au mbavu zinaingia ndani, viganja vimepauka. Ukiona moja, nenda zahanati au kituo cha afya sasa hivi, hata usiku, na kama ni degedege mlaze ubavu njiani, usimtie kijiko wala kitu kingine chochote mdomoni.

Mtoto mwenye homa bila dalili hizo naye apimwe ndani ya saa 24, kabla ya mseto, si baada yake.

Ukifika, mweleze tabibu homa ilianza siku gani na saa ngapi, na mtoto amekula dawa gani tayari. Wazazi huficha hapa. Wanaogopa kugombezwa, basi ile nusu dozi ya mkobani haitajwi, wala yale maji ya mizizi aliyopewa alfajiri. Taja vyote. Kama una ganda la dawa, njoo nalo.